Mama Mkubwa Ahamia Besi

Wa kwanza kugundua hakuwa daktari wala mwalimu wa kwaya. Alikuwa kijana mmoja wa kampuni ya mabomba, aliyepiga simu asubuhi kuuliza kama fundi aje leo au kesho.

"Shikamoo mzee," akasema. "Naomba kuongea na mama mwenye nyumba."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Samahani mzee. Nilimaanisha mama. Mkeo."

"Mke wa nani? Mama mwenye nyumba ndiye mimi!"

"Sawa mzee, usikasirike. Nitapiga baadaye akirudi."

Mama Mkubwa akaiweka simu mezani, akaitazama kama mgeni aliyemtukana ndani ya nyumba yake. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikainama chini ya meza nipate kucheka vizuri.

"Unacheka nini wewe?"

"Sicheki, Mama Mkubwa. Natafuta kisu."

"Kisu kiko mkononi mwako."

Inabidi nieleze sauti ile ilikuwaje zamani, la sivyo mtu hataelewa hasara yenyewe. Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, na nimeishi kwake tangu nianze kazi mjini. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Alikaa kwenye chumba kidogo cha vioo juu ya jukwaa la kwanza, mbele ya kipaza sauti, akiwaambia watu treni yao iko wapi na kwa nini haijafika. Sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba, safi kama maji ya mtungi. Alikuwa anaweza kutangaza kwamba treni imeharibika njiani na haijulikani itafika lini, na watu wakatabasamu. Huko ndiko walikompa jina la Kengele.

Huko huko ndiko alikopatia mume. Baba Mkubwa ni fundi seremala. Aliitwa stesheni kutengeneza mabenchi ya abiria, kazi ya siku chache tu, lakini kila akikaribia kumaliza anasikia tangazo jingine, anaanza upya. Wanaosimulia wanasema mabenchi yale yalipigwa randa mpaka yakawa membamba kama rula, na abiria mnene akikaa lazima asali kwanza. Mwisho mkuu wa stesheni akamwambia, "Fundi, ama umuoe yule dada, ama uniachie mbao zangu." Akamuoa.

Wote wawili waliimba kwenye kwaya ya mtaa. Mama Mkubwa alisimama mstari wa mbele upande wa kushoto, sauti ya kwanza. Baba Mkubwa alisimama nyuma kabisa upande wa kulia, pamoja na wanaume wa besi, na hakuna aliyeshuka chini kumpita. Mimi nilikuwa katikati, sauti ya pili, mahali pa watu ambao hawagombaniwi na mtu. Tulifanya mazoezi kila Jumamosi alasiri katika ukumbi ambao siku za kazi ni shule ya chekechea. Viti vyake ni vya watoto, vyekundu na vya manjano, vinafika chini ya goti. Kukaa si shida, unajiachia tu. Shida ni kuinuka. Mwalimu wa kwaya akisema "tusimame," magoti ya wazee yalialika kama kuni kavu motoni, na mwalimu alijifunza kusubiri bila kutazama.

Tulikuwa na wimbo wetu wa kufungia. Mwisho wake kuna noti moja ya juu sana ambayo ikifika kwaya nzima inanyamaza, na sauti moja tu inapanda peke yake, inakaa huko juu, halafu inateremka taratibu mpaka sisi wengine tuidake. Noti ile ilikuwa ya Mama Mkubwa. Akiifikia, Baba Mkubwa kule nyuma alikuwa anafumba macho. Kila mara. Wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wakinong'onezana, "Muone babu bado anapenda," na mimi nilikuwa najisikia fahari kana kwamba nimechangia.

Basi, baada ya ile simu ya mabomba, zikaja nyingine. Shuleni kwa wajukuu mwalimu akamwita "babu." Mwanawe mwenyewe aliyeko mbali alipiga, akasema, "Baba, una mafua? Hebu nipe mama." Mama Mkubwa akaamua kwenda kwa daktari wa koo, akaniambia nimsindikize, maana huko, alisema, usikute wanamwandikia jina la mwanamume.

Tulipanda treni. Pale stesheni hawajawahi kubadilisha kanda zao. Mpaka leo matangazo ni yale aliyorekodi Mama Mkubwa akiwa binti. Tulikaa kwenye benchi, na juu yetu ile sauti ya zamani ikatoka kwenye spika, tamu, imenyooka, haina wasiwasi wa maisha: "Abiria mnaombwa kusimama nyuma ya mstari wa njano."

Mama Mkubwa akainua macho. "Msikie anavyoringa," akasema. "Anadhani itadumu."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni yetu akacheka kwa upole. "Huyu binti namsikia tangu ujana wangu. Yeye hazeeki."

"Anazeeka," Mama Mkubwa akamjibu, na benchi likatetemeka. Yule mzee akasogea mpaka ukingoni.

Daktari alimwangalia kooni kwa kioo kidogo, akamwambia aseme "aaa," akashtuka kidogo, akamwambia aseme tena. Halafu akavua glovu.

"Mama, huna ugonjwa. Ni umri tu. Nyuzi za sauti zimenenepa."

"Kila kitu kimenenepa, daktari," Mama Mkubwa akasema. "Nilidhani hizo tu zimenusurika."

"Sauti ikishuka hivi, hairudi juu. Lakini haikuzuii kitu."

"Inanizuia noti moja," akasema, akachukua mkoba wake.

Njiani kurudi nilitafuta la kumfariji, nikalikosa, nikamnunulia maji.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mazoezini kama kawaida. Tukaimba, tukafika kwenye wimbo wa kufungia. Kwaya ikanyamaza. Mama Mkubwa akavuta pumzi, akainua kidevu, na badala ya noti ukatoka mlio wa mlango wa ghala lililofungwa mwaka mzima.

Kutoka kwenye besi, jamaa mmoja mwenye bucha, ambaye wote tunamwita Bucha, akageuka kutazama mlangoni na kuuliza, "Nani kaingia?"

Hakukusudia ubaya. Alidhani kweli mlango umefunguliwa. Mama Mkubwa ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akashika meza ya kinanda, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona mkono wake mwingine ulivyoukunjakunja ule ukurasa wa wimbo.

Baada ya hapo akawa anaimba kwa midomo tu. Waliomtazama kutoka mbele hawakujua, maana midomo yake ilicheza vizuri kuliko ya mtu yeyote, na uso wake ulipanda na kushuka na wimbo. Lakini hewa haikutoka. Noti ya mwisho akaichukua binti mmoja fundi cherehani, mwenye kipaji na mwoga sana, aliyekuwa akiiimba kama mtu anayebeba trei ya glasi za watu. Na Mama Mkubwa, ambaye hata kuchelewa hajawahi kuchelewa, akaanza kusema Jumamosi asubuhi kwamba mgongo unamsumbua kidogo, labda leo asiende. Halafu anavaa viatu, anakwenda.

Mwalimu wa kwaya yetu mchana ni mfamasia. Ni mtu mwema, mwembamba, anayepima maneno kama anavyopima dawa ya mtoto. Aliona kinachoendelea na kikamkosesha usingizi. Akafikiri, akapata suluhisho alilodhani ni la heshima kubwa. Jumamosi moja tulifika tukakuta mbele ya ukumbi kimewekwa kiti cha watu wazima, cha kuegemea, chenye mto.

"Ndugu zangu," mwalimu akasema, akikuna shingo, "kwaya yetu imekua. Kila kwaya kubwa ina mlezi. Tumeona, kwa mchango wake wa miaka mingi, mama yetu huyu awe mlezi wetu. Atakuwa anakaa hapa mbele, anatusikiliza, anatubariki. Kwenye maonyesho pia atakaa mbele, na... na anaweza kupunga mkono."

Tukapiga makofi. Nilimtazama Mama Mkubwa. Aliuangalia ule mto kama mtu anayeangalia chakula cha mgonjwa.

"Mwalimu," akasema, "asante. Mto mzuri. Sasa niambie, huyu mlezi anaimba saa ngapi?"

"Mlezi haimbi, mama. Mlezi anapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Mwalimu akainama kuuweka mto sawa.

"Sauti imeshuka. Haijafa," Mama Mkubwa akasema. "Imeshuka tu. Basi na mimi nitashuka nayo." Akachukua faili lake la nyimbo, akalibana kwapani, akaanza kutembea. Alipita mbele ya sauti ya kwanza, akapita mbele yetu sisi wa sauti ya pili, akawapita wanaume wa sauti ya tatu, ambao walivuta miguu kumpisha, akafika nyuma upande wa kulia, kwenye besi. Huko kulikuwa na kiti kimoja cha manjano kitupu, kati ya Bucha na Baba Mkubwa. Akakaa. Kiti kikalia.

Bucha alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono kama mapaja, anayechinja ng'ombe bila kukunja uso. Siku hiyo alikunja uso. "Mama," akasema kwa adabu, "shikamoo. Huku ni kwa wanaume."

"Marahaba. Pameandikwa wapi?"

Bucha akatazama ukutani. Ukutani kulikuwa na picha ya sungura, picha ya ndizi, na herufi za alfabeti.

"Nipimeni," Mama Mkubwa akasema. "Nikishindwa, nitakwenda kukalia mto."

Mwalimu akatutazama, akatazama kinanda, akaona hakuna dawa nyingine. Akawaambia besi wote wasimame pamoja na Mama Mkubwa. Magoti yakaalika, ya kwake yakiwemo. Mwalimu akabonyeza noti ya katikati, wakaiimba. Akashuka moja, wakashuka. Akashuka nyingine. Vijana wawili wa mwisho mwisho walikuwa wa kwanza kuishiwa, wakakaa wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Mwalimu akashuka tena. Wakabaki watu wanne, halafu watatu. Bucha alikuwa amekunja kidevu mpaka kikagusa kifua, jasho linamtoka, anatoa sauti kama friji la zamani. Noti iliyofuata ilimkatalia kabisa. Ikatoka hewa tupu. Akakaa, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Wakabaki mume na mke. Walisimama bega kwa bega, kila mmoja anatazama mbele, na mwalimu anashuka polepole upande wa kushoto wa kinanda, kwenye vidude ambavyo sijawahi kuona vikiguswa. Sisi wengine tulikuwa tumesahau kupumua. Wakashuka pamoja noti moja, na nyingine. Ile iliyofuata Baba Mkubwa aliishika nusu, ikamponyoka, ikageuka kikohozi. Mama Mkubwa akabaki nayo peke yake, imetulia, nene, pana, inatokea mahali fulani karibu na visigino. Kwenye dirisha kuna kioo kilicholegea; kikaanza kuvuma naye. Mwalimu aliondoa kidole na bado sauti ilikuwepo.

Tulishangilia kama watu wa mpira. Fundi cherehani alikuwa akiruka. Bucha akasimama tena, kwa shida, akamshika Mama Mkubwa mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu nyumbani, mama," akasema. "Mimi nilidhani nina besi. Kumbe nilikuwa na kikohozi."

Mtu mmoja tu hakushangilia. Baba Mkubwa alikuwa amekaa, anakunja na kukunjua miwani yake.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mimi nyuma yao. Mama Mkubwa alikuwa anatembea kama msichana aliyefaulu mtihani. Baba Mkubwa alikuwa mbele kidogo, haraka kuliko kawaida yake. Alipofika hakuingia ndani. Akazunguka nyuma kwenye karakana yake na tukasikia randa inaanza kupita juu ya ubao, kwa hasira.

"Huyo ananuna," Mama Mkubwa akasema. "Hajanuna tangu mtoto wa pili azaliwe tukampa jina la kwetu." Akamimina chai kwenye vikombe viwili, akaniambia nishike sahani ya mkate, tukaenda.

Karakana ilinuka mbao na gundi. Aliweka kikombe juu ya meza ya kazi, akangoja. Randa haikusimama.

"Sema," akamwambia.

"Sina la kusema."

"Basi nuna kwa sauti tusikie."

Randa ikasimama. "Mke wangu," Baba Mkubwa akasema, "nyumba hii ni yako. Jiko lako. Watoto wakipiga simu wanakutafuta wewe. Hata paka ni wako. Mimi nilikuwa na noti moja tu. Moja! Iko chini kabisa, haimsumbui mtu. Na hiyo nayo umekuja kuichukua, mbele ya watu, mbele ya Bucha."

Nilitamani kuwa mahali pengine, lakini sahani ya mkate ilikuwa mkononi mwangu na hapakuwa na pa kuiweka.

Mama Mkubwa hakucheka. Aliketi juu ya boksi la misumari. "Hata mimi nilikuwa na moja," akasema. "Imeondoka bila kuaga. Huoni nilivyohangaika? Miezi yote hii nafungua mdomo kama samaki, na wewe kule nyuma hukusema hata neno. Noti ya mwisho siku ile ikatoka mbovu, watu wakacheka, nikakutazama wewe. Ulikuwa umefumba macho kama kawaida! Kana kwamba nimeimba vizuri! Nilidhani unanidhihaki."

Baba Mkubwa aliushika mkono wa randa, akaugeuza huku na huku. Nilimwona anafikiria kama aseme au asiseme. Halafu akavuta stuli, akakaa, na akageuza kichwa ili sikio lake la kulia lielekee upande wetu.

"Sikukusikia," akasema.

"Hukunisikia siku ile?"

"Siku ile, na nyingine nyingi. Ni hizi mashine za msumeno. Sauti nyembamba zilianza kunikimbia moja moja. Kwanza ndege. Halafu kengele ya mlango. Halafu wewe." Alisema taratibu, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika. "Ile noti yako ya juu sijaisikia muda mrefu. Miaka. Nilikuwa natazama shingo yako. Kuna mshipa hapa pembeni. Ukisimama, najua umefika. Basi nafumba macho, naikumbuka ilivyokuwa kwenye spika za stesheni, naisikiliza hiyo. Siku ile mshipa ulisimama kama kawaida. Nitajuaje imekuwa mbovu?"

Mama Mkubwa alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. "Na hapa nyumbani? Mambo yote ninayokwambia? Unaitika 'ndiyo,' 'sawa mama,' 'hewala'..."

"Nusu yake nilikuwa sisikii."

"Mimi nikawa nawaambia watu umri umemfanya mume wangu mpole!"

"Nilisikia hilo. Ulimwambia jirani, na ulikuwa karibu. Nikaona nisiliharibu."

Hapo nilishindwa, nikacheka mpaka vipande vya mkate vikaanguka kwenye vumbi la mbao. Mama Mkubwa alinitazama kwa ukali, akamtazama mumewe kwa ukali zaidi, halafu uso wake ukalegea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mwanamume aliyekuoa kwa sababu ya sauti, aje aseme haisikii?"

Alichukua kipande cha karatasi ya msasa, akakirudisha. Halafu akasema kitu ambacho mimi nimekitafakari mara nyingi tangu siku ile. Alisema, "Leo ukumbini ulipokaa pembeni yangu, ukaanza kushuka, nilikusikia. Sauti yote, si mshipa. Sikujua kama ni hasira au furaha, nikachanganya vyote nikarudi huku kupiga randa."

Mama Mkubwa alisimama, akazunguka meza, akasimama upande wake wa kulia, wa lile sikio zima. "Hapa?" akauliza.

"Hapo."

Akaanza kuimba mstari wa besi wa wimbo wa kufungia, kwa sauti ya chini, polepole, na Baba Mkubwa akamfuata. Mimi niliiweka sahani juu ya mbao, nikatoka, nikaufunga mlango. Kuna mambo hata mpwa anayeishi humo ndani hapaswi kuyasimamia.

Tangu siku hiyo karakana ikawa chuo. Mama Mkubwa alimfundisha mumewe kuvuta pumzi kwa tumbo, jambo ambalo besi wetu walikuwa hawajawahi kulisikia, wao wakivuta kwa mabega. Baba Mkubwa naye alimfundisha mkewe kazi ya besi. "Huku chini hakuna kuringa," alimwambia. "Huku ni kama miguu ya meza. Watu wanasifu kitambaa cha mezani, lakini ondoa mguu mmoja uone." Mama Mkubwa, aliyezoea kuwa kitambaa maisha yake yote, alipata shida wiki za mwanzo. Alikuwa anataka kupamba. Kila Jumamosi Bucha alimgusa kiwiko na kumnong'oneza, "Mama, mguu wa meza, mguu wa meza," naye anarudi kwenye mstari. Katikati ya mazoezi alikuwa akienda kumkalisha fundi cherehani pembeni, anamshika mbavu, anamwambia, "Hiyo noti si glasi za watu. Ni yako. Ukiivunja, utaimba nyingine." Binti akaanza kunyooka mgongo.

Mwaka ule kwaya za mjini zilikusanyika kwa onyesho katika ukumbi wa manispaa, wenye mapazia na taa. Mwalimu alitoa maagizo ya mavazi: wanawake gauni refu la bluu, wanaume suti, na besi wote wafunge tai. Hakuwa amefikiri. Siku yenyewe, nyuma ya pazia, Mama Mkubwa alitokea na gauni la bluu na tai nyekundu shingoni, Baba Mkubwa akimalizia kulikaza fundo huku amekunja midomo.

"Mama," mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "tai kweli?"

"Umesema besi wote."

"Nilisema, lakini..."

"Mwalimu, mimi nimetii. Wewe je, unataka kubadilisha sheria dakika hii?"

Mwalimu akameza dawa yake, tukaingia jukwaani. Minong'ono ilipita kwenye viti watu walipoliona lile gauni moja la bluu katikati ya suti za nyuma. Mtu akacheka. Halafu tukaanza, na aliyecheka akanyamaza, kwa sababu tangu mstari wa kwanza kwaya ilikuwa na sakafu. Sijui niseme vipi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeimba kama mtu anayetembea kwenye daraja la kamba, na siku ile nilitembea kwenye saruji. Niliimba vizuri kuliko ninavyojua kuimba, na wenzangu wa sauti ya pili vivyo hivyo.

Kwenye wimbo wa kufungia tulinyamaza, na fundi cherehani akapanda peke yake. Akafika. Akakaa huko juu bila kutetemeka, na alipoteremka, besi wakamdaka kutoka chini, Mama Mkubwa na mumewe wakiwa na noti moja, bega kwa bega, yeye upande wa kulia wa mumewe. Niligeuka kidogo, kinyume na maagizo, nikamtazama Baba Mkubwa. Alikuwa amefumbua macho.

Watu walisimama kupiga makofi. Wazee walichelewa kidogo kusimama, lakini walisimama.

Baadaye, kwenye korido ya nyuma, tulikuwa tunakunywa soda, Bucha anawaeleza watu wa kwaya nyingine namna ya kuvuta pumzi kwa tumbo kana kwamba ni uvumbuzi wake. Akaja mama mmoja mrefu, mwenye nywele nyeupe zote, anatembelea fimbo. Akasimama mbele ya Mama Mkubwa, akaitazama ile tai kwa muda.

"Dada," akasema, na sauti yake ilitoka nzito kama lori linalowasha injini asubuhi ya baridi. "Mimi nyumbani wananiambia ninyamaze, nawaamsha wajukuu. Huko kwenu mnapokea watu?"

Mama Mkubwa akampa chupa yake ya soda aishike, akaanza kuilegeza tai.

"Jumamosi, saa tisa alasiri," akasema. "Viti ni vifupi. Njoo na mto wako."